Kahawa Niliyoitafuna kwa Haraka

Jumamosi, Kanazi. Mvua haijakatika tangu asubuhi, nami nimerudi kutoka Muleba na matope mpaka magotini. Nina aibu. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Kazi yangu chuoni ni kubuni vifaa vya utafiti vidogo kama punje ya harage. Kifaa kinapandikizwa chini ya ngozi na kuupa mshipa wa fahamu umeme kidogo, ili msuli uliolala ushtuke. Mpaka leo tumevipandikiza kwa panya tu. Cha mwisho kiliingiwa na maji wiki ya tatu, kikafa.

Hayo yote niliyajua siku Taata, baba yangu, alipomleta rafiki yake wa Muleba, mzee Ta Eliazari. Panga lilimteleza akikata mkungu, likamjeruhi mshipa wa fahamu wa mkono wa kulia, na tangu hapo kiganja kinaning'inia. Taata alitugawia kahawa ya kutafuna, akatangaza kwa majivuno kwamba binti yake atauinua mkono huo. Huku kwetu neno likisemwa juu ya kahawa nawe ukatafuna, umekubali.

Nilitafuna.

Ningeweza kusema ngoja kwanza. Lakini Taata alikuwa akinitazama kama siku ile nilipofaulu darasa la saba, na mimi napenda kutazamwa hivyo. Huo ndio ukweli, hata kama haupendezi.

Jana mke wa Ta Eliazari alinipigia simu kunishukuru. Katika kushukuru akanieleza kuwa mzee ameacha kwenda hospitali kunyooshwa vidole. Ya nini kuhangaika, na kifaa kinakuja?

Leo nimemweleza mzee kila kitu: panya, maji, miaka ya kungoja ambayo hata mimi siwezi kuitaja idadi yake. Nikamwambia vidole visiponyooshwa vitakakamaa, na vikishakakamaa hata kifaa kizuri hakitamfaa. Nilitamani anigombeze.

Badala yake alichukua kopo la kahawa, akalibana kwapani, akalifungua kwa mkono wa kushoto.

"Safari hii useme mwenyewe," aliniambia. "Kile tu unachokiweza."

Nikasema siwezi kuahidi kumponya. Nikasema nitamwambia ukweli kila kifaa kitakapokufa, na kila kitakapodumu. Tukatafuna. Akasema Jumatatu atarudi kwenye mazoezi.

Sasa najiuliza: atakwenda kwa ajili ya mkono wake, au ananionea huruma nisiaibike mbele ya Taata?

Maana Taata bado hajui. Namsikia barazani akimsimulia jirani habari za mkono wa Ta Eliazari, na sauti yake imejaa furaha. Nafunga kompyuta. Natoka kumwambia, na jirani naye asikie.