Kuku wa Farao na Wako

Baba Rehema wangu,

Natumai mgongo umepata nafuu na kuku wanakusikia ukiwaita. Huku Houston nje jua linachoma, lakini ndani ya majumba ni baridi kama friji, kwa hivyo jana nilivaa sweta yako ya jeshi.

Rehema alipata mapumziko ya kazi hospitalini, akatupeleka mimi na mjukuu wako Pendo kwenye makumbusho kuona vitu vya Misri ya kale. Kuna Farao mmoja aliyepigana vita miaka mingi. Rehema alinisomea kwamba kutoka nchi za mbali aliletewa mali nyingi, pamoja na ndege wanne wanaotaga kila siku. Wasomi wanadhani ndio kuku wa kwanza kufika Misri.

Pendo akauliza, "Na malkia alifurahi, bibi?"

Nilikumbuka uliporudi kutoka jeshini. Wake wa wenzako waliletewa vitenge, mimi ukaniletea mitetea wawili na jogoo ndani ya boksi. Nilinuna wiki nzima, nawe ukawajengea kibanda kimya kimya. Mayai yao ndiyo yaliyomsomesha Rehema mpaka akawa nesi.

Basi nikamwambia Pendo kwamba malkia alinuna kwanza, halafu akafurahi maisha yake yote, ila hakuwahi kumwambia mfalme.

Sasa nakuambia. Asante kwa wale kuku. Na ujifunike vizuri, maana sweta ninayo mimi.

Mama Rehema