Kurasa Kumi na Sita za Mama Yangu

Kasulu, Jumatano asubuhi

Mama,

Naanza na lile ambalo sikupata nafasi ya kukuambia. Mama mdogo Spesioza alikulilia ukiwa bado hai. Alinyoa nywele, akakaa chini siku saba kule kwake Burundi, majirani wakamletea maharage na ndizi, wakamwimbia nyimbo za kanisani. Na wewe wakati huo ulikuwa Mabamba kwenye mihogo yako, unakohoa na kuwatukana ngedere. Nililijua hili siku tatu baada ya kukuzika. Nilimpigia simu kumpa habari ya msiba, akasema, "Leokadia, mwana wanje, mwanangu, sisi tulishamaliza matanga." Nilikaa kwenye kiti cha cherehani, machozi yakagoma kutoka.

Nisimlaumu. Alfajiri zake zisizo na bipu yako ndizo zilizomwambia kwamba umekufa.

Wewe unajua mlivyokuwa tangu alipoolewa huko. Simu ya kwenda ng'ambo inakula salio, na ninyi wawili mkianza kuongea hamjui kuacha. Mkakubaliana kubipu. Kila alfajiri ukishawasha moto, unachukua simu yako ya kitochi, unabonyeza namba ya mdogo wako, ikiita mara moja unakata. Naye anabipu. Basi, siku imeanza. *Turiho*, tupo. Siku moja alipokea kwa bahati mbaya, ukamgombeza wiki nzima kwamba amekutia hasara, na ugomvi wenyewe mliufanya kwa simu, ukamaliza vocha mbili. Nilikucheka mpaka ukanifukuza jikoni.

Halafu ikaja ile barua ya kukuita ofisi ya serikali Kibondo. Nilikusindikiza, nikaachwa nje kwenye benchi. Uliniambia mwenyewe baadaye: kijana mwenye umri wa mjukuu wako alikuwa na karatasi mezani, amezipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Akauliza kwa nini mama wa mpakani anapiga Burundi kila siku, saa ile ile, kwa sekunde sifuri. Ni ishara ya nini? Anampa nani taarifa? Ukamjibu, "Namwambia nimeamka." Akaandika. Nafikiri hakuwa mtu mbaya, Mama. Alikuwa tu hajawahi kuwa na ndugu ng'ambo na salio la kuungaunga. Kisha akasema siku nyingine uje na karatasi yako ya uraia.

Hapo ndipo alipokuvunja. Wewe uliyekuja nchi hii mgongoni kwa mama yako, uliyepiga kura kila uchaguzi, uliyeitunza karatasi ile ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro hata panya hawajaijua. Hakuna aliyekukataza kubipu. Lakini ulipofika nyumbani ulichomoa laini, ukaifunga kwenye ncha ya kanga, ukaniambia, "Usimpigie Spesi. Watakuandika na wewe." Nami, pamoja na mdomo wangu huu ambao soko zima la Kasulu linaujua, nikatii. Nilikuwa na namba yake. Dakika moja tu ingetosha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na nimeona nikuambie sasa hivi kabla sijaendelea.

Wiki tisa hukubipu, naye akibipu hupatikani. Katika wiki ya tisa kifua kikakuchukua.

Sasa sikiliza yaliyotokea tangu uondoke. Nilikwenda kwa Wakili Neema, yule dada anayewasaidia watu kwenye kesi za mashamba. Akaiandikia kampuni ya simu kuuliza kama ni wao waliotoa taarifa zako na kwa amri ya nani. Barua mbili hazikujibiwa. Ya tatu ikajibiwa: ndiyo, walitoa, hapakuwa na amri ya mahakama, waliombwa kwa kupigiwa simu tu, na nakala hii hapa. Kurasa kumi na sita.

Mama, nikaifungua ile bahasha. Ulikuwa mle wewe, mwaka mzima. Kila mstari una tarehe, saa, namba, mnara ulioshika simu yako, sekunde. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Saa kumi na moja na dakika thelathini na moja. Saa kumi na moja na dakika ishirini na tisa. Siku ulipolala kwangu, mnara ni wa Kasulu. Siku ulipolazwa kwa malaria, mnara ni wa Kibondo, na saa ni ile ile, na mimi niliyekuwa nimelala chini ya kitanda chako sikukusikia. Asubuhi ya kumzika Baba, ipo. Nilikuwa nadhani asubuhi ile hukuweza hata kusimama. Uliweza. Uliwasha moto, ukamwambia mdogo wako kwamba upo.

Sijawahi kustaajabu hivyo. Nilistaajabu kwa ajili yako, kwa mapenzi yasiyokosa siku. Nikastaajabu na kuogopa pia, kwa ajili ya hicho kitu kilichokuwa kinakuandika. Hakikujui, hakikupendi wala hakikuchukii, na hakikusinzia hata alfajiri moja. Tangu utoto nasikia kanisani kwamba Mungu amezihesabu nywele za vichwa vyetu. Sikujua kuna kampuni nayo inahesabu.

Tukafungua shauri. Hatukuomba fidia. Tunataka kampuni isimame mbele ya hakimu, iseme ilitoa taarifa zako bila amri, na iambiwe haikuwa haki. Lakini sasa kuna kifungu cha sheria kinachopendekezwa, na nchi nzima inabishana redioni: kampuni ya simu ikiipa serikali taarifa za mteja, hata bila mahakama, mradi iseme ilikuwa na nia njema, isishtakiwe. Na kitagusa hata yaliyokwisha kutokea. Kikipita, shauri lako linakufa siku hiyo hiyo.

Wiki iliyopita waliita wananchi ukumbini hapa Kasulu watoe maoni. Nilidhani tutakuwa watu kumi na mbwa mmoja. Mama, ukumbi ulijaa mpaka madirishani! Bodaboda, wakulima wa kutoka Buhigwe, akina mama wa sokoni na ndoo zao, wote wamekuja kuzungumzia jambo ambalo mimi nilidhani ni langu peke yangu. Nilisisimka mwili mzima.

Mzee Athumani anayeniuzia vitambaa alisimama na kofia yake mkononi. Akasema, "Jamani, mimi nikimwambia mume wa mtu mkewe kanunua kitenge gani na alikuja dukani na nani, kesho mtanikuta na duka langu? Mtanidai majibu. Sasa mkubwa kwa nini asidaiwe?" Watu wakapiga makofi, wengine wakamtania kwamba kumbe siri za wake zao zote anazo.

Kisha akasimama mama mmoja wa Nyakitonto, mjane. Mumewe aliuawa na majambazi kwenye barabara ya porini, na waliomuua walikamatwa kwa rekodi za simu. Hakupaza sauti. "Bila zile karatasi, aliyemuua mume wangu angekuwa ananunua sukari kwenye duka moja na mimi. Waacheni wasome." Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyeguna. Wakili Neema akamuuliza taratibu kama wale wapelelezi walipitia kwa hakimu kwanza. Akasema hajui, na wala hakuuliza. Nilimwelewa, Mama. Ningekuwa yeye nisingeuliza.

Aliyekuja kukitetea kifungu alikuwa kijana wa suti, mpole, msemaji mzuri. Akasema kampuni haziwezi kufanya kazi zikiogopa kushtakiwa kila zinapoisaidia serikali, na mwenye mikono safi haogopi kuonyesha viganja. Nikanyoosha mkono. Nikasema habari yako kwa kifupi. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Pole sana, dada. Lakini kwa heshima zote, marehemu alipoteza nini? Hakufungwa. Hakupigwa. Karatasi ya uraia alibaki nayo."

Unajua mimi nikikasirika ninavyokuwa. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, yote yakayeyuka. Nikasema tu, "Mdogo wake alimlilia akiwa hai."

Nikaeleza bipu. Nikaeleza wiki tisa. Nikaeleza nywele zilizonyolewa na wimbo wa maziko ulioimbwa wakati wewe unapalilia. Wakati naongea nikaona vichwa vinaanza kuitikia huku na kule, maana nusu ya ukumbi ule wana mtu wao wanayembipu: mtoto aliye Dar, shangazi aliye Ruyigi ng'ambo, mume aliye machimboni. Wote walikuwa wamo kwenye karatasi za mtu mahali fulani, wana sekunde zao sifuri. Yule mjane wa Nyakitonto akaja akanishika mkono, hakusema amebadili mawazo wala sikumuuliza, tukakaa hivyo mpaka mwisho.

Kifungu kitapita au hakitapita, hatujui. Wakati wa kutoka, kijana wa suti alinifuata akaniambia kwa wema kabisa: toa kurasa zote kumi na sita, watu wazione, wajue hazina ubaya wowote, nawe utakuwa umemsafisha mama. Wakili naye alikuwa amenitaka nizisome zote, niweze kueleza kila namba hakimu akiuliza.

Basi Jumapili, baada ya misa, nikakaa nizisome. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ni wewe ninayekujua. Katika ukurasa wa nne nikaona namba nisiyoijua. Ya hapa hapa nchini. Jumapili, saa nane mchana, dakika arobaini na moja. Nikashuka chini: Jumapili nyingine, dakika thelathini na nane. Wewe! Wewe uliyemgombeza Spesi kwa kupokea! Nikailinganisha na namba zote kwenye simu yangu. Si ya katekista, si ya ndugu yetu yeyote. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Halafu nikachukua simu yangu nikaanza kuibonyeza ile namba. Nilifika tarakimu ya saba.

Nikaona nimeshika kalamu nyekundu. Kalamu yenyewe ni ya kuchorea mashati, lakini ndiyo niliyokuwa nimeishika, na nilikuwa nimeshaipigia mstari namba yako ya Jumapili.

Nikafuta tarakimu. Nikazifunga kurasa zote kwenye bahasha, Jumatatu nikampelekea Wakili Neema, nikamwambia atumie ile barua ya kampuni na ukurasa wa kwanza, basi. Akanionya kwamba hakimu anaweza kuzitaka zote, na kwamba shauri litakuwa dhaifu. Nikamwambia liwe dhaifu. Siwezi kwenda kudai kwamba walikuchungulia huku mimi mwenyewe nakuanika.

Lakini kuna jambo moja limeninyima raha tangu siku hiyo. Huyo mtu hajui kwamba umekufa. Anasubiri kama Spesi alivyosubiri, au ameshakulilia, au bado anajipa moyo. Nikimtafuta, nimeingia mahali ambapo hukunikaribisha. Nikinyamaza, ni kunyamaza kule kule.

Basi ahadi yangu ni hii, Mama. Laini yako ninayo, naitia vocha kidogo kidogo isifungwe. Jumapili hii saa nane nitaiwasha na kuiweka mezani, karibu na cherehani. Sitampigia mtu. Ikiita, nitapokea. Sitamuuliza ni nani wala mlikuwa mnaongea nini. Nitasema, "Mimi ni Leokadia, mwanawe," nami nitamwacha alie muda wote anaoutaka.

Lala, Mama. Mihogo nimeipalilia.

Mwanao,
Leokadia