Baba wa Uongo kwenye Feri ya Likoni

Bibi Mwanatabu, shikamoo, mimi ni msomaji wako wa gazetini huku Likoni na nimeshika kalamu kwa sababu nimejiponza kwa ulimi wangu mwenyewe na sioni pa kutokea.

Jina langu Thoya, ni Mgiriama wa miaka ishirini na mitatu, nimesoma misheni hadi darasa la sita na hati yangu ni nzuri, lakini tangu vita viishe kazi niliyopata ni ukuli tu, kubeba magunia bandarini, na mgongo umeanza kunikataa, sasa kila asubuhi navuka feri pamoja na Bwana Ngumbao, karani mkuu wa bohari moja kule Kilindini, mtu wa kwetu, na rafiki yangu Nzai akaniambia wewe Thoya, kazi ya kalamu haipatikani kwa barua, yapatikana kwa mazungumzo, msogelee mzee, ongea naye, ujulikane. Nikaona ni kweli. Ila nikataka kujulikana upesi, nikaulizauliza nikasikia marehemu baba yake aliitwa Masha, na wewe bibi wajua kwetu mwenye jina la babako ni babako hata awe mtoto wa kunyonya, basi siku aliponiuliza, "Kijana, waitwa nani?" nikajibu Masha.

Bibi, mzee alisimama! Akanishika mkono, "Baba! Keti, baba!" akanipa nafasi yake kwenye benchi mbele ya watu, na mimi nikaketi. Hii wiki ya saba mimi ni baba wa mtu mwenye mvi. Feri haikawii kuvuka, na yeye akianza kumwamkia baba yake, habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi ambao sina, twafika ng'ambo sijasema neno langu, na nitalisemaje, baba atamwomba mwanawe kazi? Mwenyewe hunilalamikia, "Baba, vijana wanizonga kama nzi, kila mmoja ataka kazi, wewe peke yako huniombi kitu." Akaniletea ugomvi wake na mkewe Kahaso niuamue, nikauamua, nikasema mama ana haki, na sasa mama huyo akiniona sokoni huinamisha kichwa akapita mbali kwa kuwa mimi ni baba mkwe! Mara mbili mzee ameniuliza ukoo wangu na jina la baba yangu, na mara zote mbili nimekohoa mpaka tukafika.

Juzi akaniambia, "Baba, nafasi ya karani msaidizi i wazi. Nataka kijana ajuaye kuandika na asiyesema uongo. Nichagulie wewe, aje na kipande chake Jumatatu." Kipande changu cha serikali kimeandikwa jina Thoya. Nzai ashauri ninyoe masharubu, nivae kofia, niende kama Thoya, kisha tuseme Masha amesafiri Malindi. Naomba uniambie kweli, bibi, nikinyoa atanitambua?

Wako mtiifu,
Thoya

*

Marahaba, Thoya. Atakutambua. Nyoa masharubu, nyoa na nyusi ukipenda, atakutambua.

Pole nakupa, moja tu, ya mgongo. Kubeba magunia si mchezo, na kutaka kalamu baada ya gunia si tamaa. Nzai naye hakukosea alipokwambia uzungumze na watu. Nusu ya makarani wa mji huu waliingia kazini kwa mtu kusema, "Yule namjua." Lakini namjua nani? Wiki saba umemjulisha mzee mtu asiyekuwepo, na Thoya mwenye hati nzuri hajamwona hata siku moja. Mjinga we!

Tena maneno ya kweli ulikuwa nayo tele. Wewe ndiye ubebaye magunia, wajua lipi limelowa na lipi limepasuka kabla karani hajalitia macho. Ungemuuliza tu, "Bwana, gunia likipasuka mwaliandikaje?" angekuwa anakueleza mpaka leo. Mtu mzima hapendi kusifiwa na kijana asiyemjua, apenda kuulizwa kazi yake. Uliza moja, sikiliza, kisha sema shida yako kwa maneno machache kabla feri haijafunga kamba.

Halafu hebu tumia akili. Mgiriama mzima, tena karani ambaye kazi yake ni kugundua kilichopungua, akuulize ukoo mara mbili, ukohoe mara mbili, naye asijue? Kisha huyohuyo akutake wewe umchagulie kijana asiyesema uongo! Wallahi nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Mzee amekufungulia mlango, mwanangu, na wewe wauliza habari ya wembe.

Kesho Jumamosi panda feri yako. Akisema keti baba, usiketi. Vua kofia, useme, "Shikamoo, bwana. Mimi ni Thoya," taja baba yako, taja ukoo wako, "nilikudanganya kwa kutaka kazi, nisamehe." Mtie kipande mkononi, kisha ufunge mdomo. Akikukaripia, itika naam. Akicheka, usicheke naye. Kazi usiitaje mpaka yeye aitaje. Akikufukuza, nenda kwenye magunia yako, utakuwa umepoteza cheo cha baba ambacho hakikuwa chako. Na Bi Kahaso umwombe radhi mwenyewe kwa mdomo wako, usimtume Nzai.

Najua utataka kungoja hadi Jumatatu. Hutangoja. Barua yako nimeipiga chapa nzima, jina la Bwana Ngumbao likiwemo, na nakala yako ya gazeti nimeituma Likoni leo Ijumaa jioni. Makarani wa bandari hulinunua gazeti hili Jumamosi asubuhi, wakishuka tu upande wa kisiwani. Una safari moja ya feri, mwanangu. Wahi.

Bibi Mwanatabu