Duara Lililochorwa Bila Mjomba

Chuo Kikuu, Canberra
14 Agosti 2016

Mpendwa Mjomba Tokwasega,

Shikamoo. Goti linakuruhusu kufika shambani, au bado anakwenda mama peke yake? Viazi vikuu vimejaa ghalani? Mimi ni mzima wa mwili, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno.

Mjomba, nimeandika salamu hizo huku uso ukiniwaka. Najua habari zimeshafika huko kisiwani kwetu Kitava.

Kazi yangu hapa ni kuchora mabenki. Kila benki ni nukta, na kila mkopo ni uzi kati ya nukta mbili. Kisha tunaifuta benki moja kwenye kompyuta, tuone zipi zitaanguka nayo. Hakuna anayekasirika, benki haina dada wala mpwa.

Mwezi uliopita, kwa kutaka sifa, niliuchora mzunguko wetu wa kupeana bangili na mikufu, visiwa vyote, kila mtu na mwenzake anayebadilishana naye. Wewe ulitokea katikati, nyuzi zikikujia kutoka kila upande. Nilivimba kichwa. Halafu, kwa mazoea ya kazi, nikakufuta nione nani atayumba. Picha hiyo isiyo na wewe ndiyo niliyowaonyesha watu ukumbini, wakapiga makofi.

Sikufikiri. Mimi ndiye mtoto wa dada yako, nitakayeshika nafasi yako kwenye mzunguko. Angekufuta mgeni, watu wangesema ni hesabu tu. Nikikufuta mimi, nakuombea kifo.

Ilabova, binti wa mama mdogo, aliiona picha hiyo mjini Alotau kwenye simu ya mtu. Akanipigia papo hapo.

"We Mwagula, huna haya? Mjomba yuko barazani anatafuna popoo yake, wewe huko umeshamzika! Si ungengoja hata akohoe?"

Nikamwambia lilikuwa jaribio.

"Jaribio? Haya, mfute na mama yako basi, tuone."



Ndiye aliyeniambia kwamba Kwewau wa kisiwa cha Iwa ameizuia ile bangili kubwa aliyokuwa akupe. Eti hawezi kuitia mkononi mwa mtu ambaye mpwa wake ameshamhesabu maiti. Umembembeleza Kwewau tangu sijaota ndevu, kwa nguruwe na kwa maneno matamu, nami nimekuharibia kwa picha moja. Naona aibu, Mjomba.

Nimeomba ruhusa kazini. Ukikubali, nitakuja mwezi ujao nipande mtumbwi wako hadi Iwa, nikae chini mbele ya Kwewau. Akitaka kunitukana, anitukane mbele za watu. Kama hutaki kuniona mtumbwini, niambie bila kunionea huruma.

Jana niliufungua tena mchoro. Nikakurudisha mahali pako, nikajifuta mimi. Nikatazama. Hakuna aliyeyumba, hata mtu mmoja.

Nisalimie mama, Ilabova akifika, na wazee wa kanisani. Mungu akupe maisha marefu, Mjomba. Nakuombea hivyo kwa moyo wote, ingawa najua dua hiyo ikitoka kwangu sasa, utaisoma mara mbili.

Mpwa wako akupendaye,
Mwagula