Siri Moja Sikutunzii

Baba,

Jana tulisoma arobaini yako. Bosi wako alikuja na gari la serikali, akala pilau ya mama, kisha akaomba kusema neno. Akasema ulikuwa mtu mwema, "ila darasa la saba ni darasa la saba. Karani wa masjala kasoma taarifa ya maabara ya maji ya kisima asiyoielewa, katia mtaa taharuki."

Baba Hamisi, jirani wa ukuta mmoja, akadakia: "Mkuu, huyu hata kadi ya kliniki alikuwa anasomewa na mwanawe." Wakacheka. Kwenye khitma yako, baba. Mie nilikuwa nimeshika sinia, nikaendelea kukusanya sahani. Unanijua.

Lakini ulielewa. Ulirudi kutoka kazini na namba kiganjani, vile mnavyoandikaga namba za majalada msisahau, ukaniuliza mie mwanafunzi, "Mwalimu, naitreti ni kitu gani?" Tukafungua kitabu changu cha kemia, hakikutosha, kesho yake nikaazima kingine maktaba ya shule. Nikakueleza kwamba uchafu wa vyoo unaweza kupenya hadi kisimani, na kwamba namba yako imepita kiwango kwa mbali. Mtoto mchanga akinywa, damu yake inashindwa kubeba hewa. Ulinirudisha nieleze upya mara tatu. Kisha ukauliza, "Hii ikijulikana, adui wa nchi anafaidika nini?" Nikasema sioni.

Ukasema, "Ninayo majalada yenye majina ya askari na mashahidi. Hayo nitaenda nayo kaburini. Hili hapana."

Na umekwenda nayo. Hata mama hajui hata moja.

Asubuhi ile ulisimama kisimani ukawaambia akina mama wasiwachanganyie watoto uji kwa yale maji. Hukutoa karatasi hata moja ofisini, bado wakakusimamisha kazi kwa kuvujisha siri. Usalama wa taifa, walisema. Kisima chetu cha huku Temeke, chenye ndoo na foleni, ndio usalama wa taifa. Presha ikakuchukua kabla hawajakusikiliza.

Sasa watu wamerudi kuchota. Mama Saumu, mwenye kichanga cha miezi mitano, aliniambia jana akisuuza masufuria kwa ndoo ya maji ya kisimani, "Baba yako alitutisha bure, Mungu amsamehe." Nilitaka kumpokonya ile ndoo. Niliingia ndani nikalia kwa hasira.

Na wewe pia nimekukasirikia. Walipokuuliza nani alikufafanulia, ulijibu hakuna, umejua mwenyewe. Ulinikinga nisiitwe, nisifukuzwe shule. Nashukuru. Lakini uwongo huo ndio wanaoutumia kukufanya mjinga, na kwa sababu wewe ni mjinga, maji ni salama. Umeona ulichokifanya?

Jumapili kuna mkutano wa mtaa. Mama anasema, "Mwanangu, una mtihani, wale watu siyo wa kuchezea." Anaogopa, na mie naogopa. Darasani tu nikiitwa kusoma kwa sauti najificha nyuma ya kitabu. Lakini nitasimama na kile kitabu cha maktaba, nitawaambia tulisoma wote wawili, nitawasomea ukurasa ule wa naitreti mbele ya Mama Saumu. Wakitaka kuita mtu, wataniita mie.

Lala salama, baba. Ya askari na mashahidi umeyatunza vizuri. Siri hii yako na yangu naitoa.

Mwanao,
Tatu