Vidonge Nilivyoficha Nyuma ya Zizi

Jumatatu, 3 Machi
Nimemeza. Nyuma ya zizi, kama kila jioni. Mke wangu, Mama Akinyi, alikuwa jikoni, hajaona. Ng'ombe wameona lakini hao hawasemi.

Mwaka jana daktari alipima damu yangu. Akasema mafuta yamejaa, yataziba mishipa, nitaanguka kama ndugu yangu Ouma. Akanipa vidonge. Nilifika nyumbani nikavitupa kwenye shimo la takataka, mbele ya mke wangu na jirani Odhiambo. Nikasema mimi nimepakia miwa Muhoroni miaka ishirini na mbili, mafuta ya damu ni ugonjwa wa watu wa ofisi. Odhiambo alicheka mpaka akashika mti. Nilisema vizuri sana siku ile.

Halafu usiku nikaanza kumuona Ouma vile kiharusi kilimwacha. Mdomo umeenda upande, mate yanatoka, hajui jina la mtoto wake. Naogopa. Hapa naweza kuandika. Mwezi uliopita nikaenda Kisumu peke yangu, nikanunua vyangu. Kijana wa duka la dawa aliuliza karatasi ya daktari, nikasema nimesahau nyumbani. Akauliza nguvu gani. Nikasema ya juu. Mimi si mtoto.

Alhamisi, 6 Machi
Tumefunga ng'ombe, tumeanza kulima. Odhiambo anasema atamaliza shamba lake kabla yangu. Huyo ana miaka hamsini na tumbo. Mimi nina sabini na moja na plau naishika mwenyewe.

Mapaja yanauma. Ni plau hiyo, ni nzito.

Asubuhi Mama Akinyi aliniletea uji mpaka shambani. Alisimama hapo mpaka nikamaliza wote. Siku hizi ananipenda sana.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nilipiga magoti, kuinuka ikakataa. Watu wote wameshakaa, mimi bado chini. Nikafumba macho nikajifanya naomba. Baadaye pasta akasema nimekuwa mtu wa maombi.

Jumanne, 11 Machi
Nimeanguka shambani. Miguu haikuniuliza, iliniacha tu. Odhiambo akapiga kelele kutoka upande wake: "Baba Akinyi! Unalima ama unajipanda?" Nikamwambia naangalia udongo.

Jioni mkojo ulikuwa mweusi, kama chai ya rangi iliyochemka sana. Nikafunika na majivu. Kidonge nimemeza hata hivyo. Labda kitasafisha.

Alhamisi, 13 Machi
Siwezi kuinua mkono ninyoe ndevu. Mama Akinyi ameona mkojo kwenye debe. Alitoka mbio akamwita Odhiambo na pikipiki. Wakaniweka katikati kama gunia la mtama. Watu wa sokoni wote walinisalimia.

Ijumaa, 14 Machi
Hospitali. Maji yanaingia kwa mshipa. Daktari ni msichana, ana miaka ya mjukuu wangu. Anasema misuli yangu inavunjika, na uchafu wake unaenda kwa figo. Figo zikizima, ni mashine ama ni kaburi. Hakusema kaburi. Nilielewa.

Akauliza natumia dawa gani. Nikasema hakuna.

Mama Akinyi akaanza kulia. Akasema yote. Siku ile niliyotupa vidonge, aliviokota. Vilipoisha alikuwa anaenda kliniki anawaambia mzee hawezi kutembea, anapewa vingine. Kila asubuhi anasaga kimoja anaweka kwa uji wangu. Tangu mwaka jana.

Daktari alimgombeza. "Mama, dawa hapewi mtu kwa siri. Hizi zinaweza kuvunja misuli. Sasa ona." Mke wangu aliinamisha kichwa. Anaamini ni yeye ameniua.

Na mimi pakiti iko kwa mfuko wa koti. Nikanyamaza. Sijawahi kuandika kitu kibaya kama hiki.

Jumamosi, 15 Machi
Damu bado mbaya. Daktari anashangaa. Kidonge kile kimoja nimekaa nacho karibu mwaka bila shida, kwa nini sasa? Akamuuliza Mama Akinyi kama aliongeza. Akaapa kwa jina la mama yake. Daktari hakuamini, niliona macho yake. Mama Akinyi pia aliona. Akakaa na mikono juu ya mapaja kama mtu anangoja polisi.

Nikatoa pakiti nikaiweka kitandani. Nikasema ni mimi. Kila jioni.

Daktari akasoma. Vyangu nguvu yake ni mara mbili ya vile vya uji. Zote pamoja nilikuwa nakula dawa ya watu watatu. Akasema sasa anajua anatibu nini, na ningesema jana ningemsaidia sana.

Mama Akinyi akaichukua pakiti ile. "Mimi nasaga nimejificha kama mchawi, kumbe wewe unameza!" Akacheka. Halafu akalia tena, na hicho kilio cha pili kilikuwa cha hasira. Mtu wa kitanda cha pili akasema, "Mzee, sijaona mtu anajiibia dawa yake mwenyewe." Wodi nzima ikacheka. Nilistahili.

Alhamisi, 20 Machi
Mkojo umerudi rangi yake. Figo zimepona. Kesho naenda nyumbani.

Nilimwambia daktari basi nimeacha dawa hizi kabisa. Akasema hapana, mishipa yangu bado ni ile ya ukoo wa Ouma. Nipumzike wiki nne, nirudi apime damu, ndipo yeye aamue. Si mimi, si mke wangu, si duka. Nikija nilete kila kitu ninachokunywa, hata mitishamba, kwa mfuko mmoja. Misuli ikiuma nije siku hiyohiyo, nisilaumu plau. Sijui nani alimwambia habari ya plau.

Odhiambo amelima shamba langu lote. Hajajisifu hata kidogo. Hiyo inauma kuliko sindano.

Alhamisi, 17 Aprili
Damu ni nzuri. Daktari amenirudisha kwa dawa, ndogo kuliko ile ya kwanza. Kimoja, jioni. Nimekimeza mezani, taa imewashwa.

Nilitembea mpaka barabarani na fimbo, nikarudi. Mapaja ni membamba sasa.

Mama Akinyi akaleta chai. Tangu hospitali hakorogi kitu changu chochote. Sukari anaiweka pembeni, kijiko juu yake, anaenda kukaa mbali kidogo.

Nikasukuma kikombe upande wake. Nikamwambia, weka wewe.

Akaweka viwili. Akakoroga. Nikanywa.