Fimbo ya Apostle

Jumanne, 4 Machi
Madaftari ya kidato cha pili, bado nusu. Miguu inawaka moto. Mchungaji wetu wa nyumbani Nkoma kapiga simu tena. Kuanzia Jumapili anataka aitwe Apostle, na mimi, kwa vile nafundisha Kiingereza hapa Bariadi, nilieleze kanisa maana ya neno hilo. Nimekubali. Sijui kukataa, ndiyo shida yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefungua kamusi. Neno limetoka kwa Wagiriki: aliyetumwa. Basi. Zamani hata meli zilizotumwa vitani ziliitwa hivyohivyo. Meli nimeziacha, zingewachosha watu. Nimechoka mimi kwanza.

Jumapili, 9 Machi
Nimesoma maelezo yangu kanisani Nkoma, watu wanasinzia. Nikatia mfano wa kwetu. Mjomba akimtuma mtu aje kuchukua ng'ombe wake kwa Mama, humpa fimbo yake. Mama akiiona tu, anatoa ng'ombe bila maswali. Kanisa zima likaamka. Vigelegele. Mama ndiye aliyeanza. Nilijisikia vizuri, nakiri.

Jumapili, 16 Machi
Apostle kaja na fimbo. Ya mninga, imechongwa, ina kichwa cha shaba. Hakueleza kitu. Kainyanyua tu, watu wakapiga magoti. Jamani! Mfano wangu huo.

Alhamisi, 20 Machi
Dada kapiga simu. Mama kaacha dawa za presha tangu Jumapili. Apostle kamwambia amepona. Mama anasema fimbo kaiona kwa macho yake, na maana yake kaelezwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mimi huyo! Nilikaa ofisi ya walimu na chaki mkononi, kipindi kikanipita. Nina hasira na Apostle. Mwenyewe najichukia zaidi.

Ijumaa, 21 Machi
Mama kaanguka akichota maji kisimani, kazimia. Kazinduka, lakini dawa hataki. Nimempigia Apostle amwambie ameze. Kasema neno likishatoka halirudi. Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule.

Jumamosi, 22 Machi
Nkoma, asubuhi. Mwangaluka yangu, salamu ya asubuhi ya kwetu, Mama kaiitikia nusunusu. Kakaa mkekani anachambua mchele, uso umemvimba. Nimemwambia kosa ni langu, fimbo mtu yeyote anachonga. Kisha akauliza mimi nani kanituma.
Hakuna, Mama. Nimekuja mwenyewe. Naogopa kukuzika.
Mama aliweka ungo chini. Akaomba maji. Kameza kidonge, karudia mchele wake.